Usiizike Injini Kabla ya Kuisikiliza

Wasomaji waliouzoea ukurasa huu kwa habari za tungo na watungaji huenda wakastaajabu leo kuniona nimeacha vina na mizani nikashika spana. Naomba wanivumilie. Utamaduni si ngoma na mashairi peke yake. Ujuzi wa mkono nao ni utamaduni: wa seremala wa milango, wa muunda majahazi, wa mfua fedha, na wa makanika pia. Na kama ufundi wa jahazi unavyoweza kupotea wazee wakiondoka bila ya kuurithisha, ujuzi wa injini nao hupotea, tena hupotea upesi zaidi, kwa kuwa watu hudhani kitu kilichotoka kiwandani hakihitaji mrithi.

Injini ninayotaka kuizungumza ni ile ya rota, isiyokuwa na pistoni hata moja. Mafundi wengi wakiletewa gari lenye injini hiyo hutikisa kichwa kabla hawajafungua boneti, na hukumu yao aghalabu huwa moja: "Imekufa. Itoeni mtie nyingine." Nimefuatana na gari moja la namna hiyo kwa muda wa miezi minane, tangu lilipokuwa limeachwa uani kwa mtu huko Changamwe, hadi lilipoingia katika uwanja wa mbio za vumbi. Niliyoyaona yamenithibitishia kwamba si kila iliyotangazwa kufa imekufa kweli.

MJERUMANI NA WATU WA HIROSHIMA

Aliyeibuni injini hii ni Mjerumani, Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1988. Wazo lake lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulitenda. Alisema, kwa nini pistoni ipande na kushuka, isimame na kurudi mara maelfu kwa dakika, ilhali magurudumu yanataka kuzunguka tu? Heri injini nayo izunguke. Kampuni ya NSU ya Ujerumani ilimpa nafasi, na injini ya kwanza ya majaribio ikanguruma mwaka 1957. Miaka kumi baadaye NSU ikatoa gari lake zuri lililoitwa Ro 80. Likasifiwa kote, lakini sili za injini yake zikawa zinalika mapema, na kampuni ikajikuta inawabadilishia wateja injini moja baada ya nyingine hadi mfuko ukatoboka. Mwaka 1969 NSU ikaingia chini ya Volkswagen.

Walioiokoa injini ile ni Wajapani wa Hiroshima, mji uliopigwa kwa bomu la atomiki mwaka 1945. Kampuni ya Mazda, wakati huo ikiitwa Toyo Kogyo, ilifanya mkataba na NSU mwaka 1961, na kazi akapewa mhandisi Kenichi Yamamoto pamoja na wenzake, jumla yao watu 47. Walipoifungua injini baada ya kuiendesha muda mrefu, walikuta ukuta wake wa ndani umechanwa mistari mistari, wakaiita mistari hiyo makucha ya shetani. Haikuwapo dawa ya kununua. Walijaribu sili za kila namna mpaka wakapata za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu, na mwaka 1967 gari lao la kwanza la rota, Cosmo Sport, likauzwa.

Likafuata RX-7 mwaka 1978, lililotengenezwa hadi mwaka 2002, magari zaidi ya 811,000. Mwaka 1991 gari la Mazda aina ya 787B, lenye rota nne, likashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa, na halikuwahi kabla yake gari la Kijapani kushinda pale. Kisha likaja RX-8 mwaka 2003, likakoma mwaka 2012. Tangu hapo rota ikanyamaza, mpaka mwaka 2023 iliporudishwa ndani ya gari la MX-30. Lakini humo haizungushi magurudumu. Kazi yake ni kutia betri moto tu, kama mfalme aliyepewa kazi ya ubawabu.

GANDA LA KARANGA

Msomaji asiyekuwa fundi na afikirie ganda la karanga lenye punje mbili, limebonyea kidogo katikati. Hiyo ndiyo nyumba ya injini. Ndani yake hazimo punje mbili bali kipande kimoja cha chuma cha pembe tatu, chenye mbavu zilizotuna. Hicho ndicho rota. Kinapozunguka, ncha zake tatu hazibanduki ukutani, na kwa hivyo nyumba hugawanyika vyumba vitatu ambavyo hupanuka na kupungua bila ya kusita. Chumba kimoja kinapovuta hewa na petroli, cha pili kinagandamiza na kuchoma, na cha tatu kinatoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti huwa imezunguka mara tatu. Hakuna valvu wala shafti ya kuzifungulia. RX-8 ina rota mbili, kila moja ujazo wa sentimita 654, jumla 1,308, lakini zile za gia sita za mkono hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika bila ya kutetemeka.

Roho ya injini hii iko katika vile vijisili vya ncha, vipande vyembamba vya chuma visivyozidi upana wa kidole. Hivyo ndivyo vinavyotenga chumba na chumba. Ili visikauke, pampu ndogo huingiza oili ndani makusudi iungue pamoja na petroli. Kwa hivyo mwenye gari hili akisema, "Injini yangu yala oili, imeharibika," huwa amelaumu jambo ambalo ndilo uzima wake. La kuogopwa ni pale inapoacha kula.

MBIO ZA WATU WA KAWAIDA

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni karani katika shughuli za kutoa mizigo bandarini Kilindini. Magari yaliyotumika kutoka Japani hupita mbele ya macho yake kila siku, na humo ndimo alimoipenda RX-8. Kwa sheria ya Kenya gari la mtumba lisiingizwe likiwa limezidi miaka 8, na kwa kuwa RX-8 ilikoma mwaka 2012, mlango wake ulifungwa mwaka 2020. Zilizoko nchini ndizo hizo. Ndiyo maana alipolikuta moja limekaa uani Changamwe, vumbi limelifunika, mwenyewe amekwisha ambiwa injini imekufa, alitoa fedha alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya nyumba ya harusi yake akalinunua.

Nia yake ilikuwa ni otokrosi. Mbio hizi ni za watu wa kawaida, si za makampuni. Huko Marekani huchezwa juu ya lami, kwenye viwanja vya kuegeshea magari. Njia hupangwa kwa koni za plastiki, gari hushindana na saa, na chini ya kanuni za chama cha SCCA, kilichoundwa mwaka 1944, kila koni iangushwayo humwongezea dereva sekunde 2. Hapa kwetu njia ni ya udongo, yenye kona nyingi, na magari hugawanywa makundi, ya kusukumwa na magurudumu mawili mbali na ya manne, na hata watoto wana vigari vyao. Anayesifiwa humo ni mwenye kupinda bila ya kupoteza mwendo, na RX-8 imeumbwa kwa kupinda. Injini yake ni ndogo na imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, hata uzito wa gari umegawanyika karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma.

Dada yangu hakutaka kusikia habari za uzito. "Mwanangu ameoa chuma," aliniambia, na akanituma nikamshauri kijana aliuze gari kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla arusi haijaahirishwa. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imempa shauri jingine: injini itolewe, itiwe ya pistoni, kwa bei iliyozidi aliyonunulia gari zima. Nilikwenda na ujumbe wa dada yangu. Nilimkuta kijana amekwisha mwita fundi mmoja mzee wa Kisauni, aliyetumia ujana wake kutengeneza mashine za boti.

"Nipeni wiki moja," mzee alisema. "Nikishindwa, kauzeni."

FUNDI NA SIKIO LAKE

Maradhi ya gari yalikuwa matatu. Likipata moto halikubali kuwaka tena. Likipita mizunguko elfu nne, nguvu huisha. Na egzosi ilikuwa ikipiga joto hata sakafu ya gari haikanyagiki. Gereji ya kwanza iliyaona hayo ikasema, "Sili zimekwisha."

Mzee hakusema kitu. Alileta betri iliyojaa moto, akazima pampu ya petroli kwa kutoa fyuzi yake, akafungua plagi moja ya rota ya mbele, kisha akamwambia kijana azungushe stata. Akafumba macho. Ikatoka pumzi katika tundu: puf, puf, puf, puf, puf, puf. Akafanya vile vile rota ya nyuma.

Nilipokuwa chuoni, maalim wetu alikuwa akitusikiliza tukisoma hali amefumba macho vivyo hivyo. Tulikuwa watoto ishirini tukisoma kwa pamoja, lakini mmoja akiifupisha madda ipasayo kuvutwa, fimbo ilimjua. Nilidhani ni karama. Nilipokua nilielewa kwamba maalim alikuwa anaijua sura ilivyo sawasawa, na anayejua usawa huisikia kasoro bila ya kuitafuta.

"Rota ina pande tatu," mzee alituambia. "Kwa hivyo pumzi ni tatu, na zataka zilingane. Sili ya ncha ikivunjika, pumzi mbili zadhoofika, kwa kuwa sili moja yatenga vyumba viwili. Hizi zalingana. Hazina nguvu ya ujana, lakini zalingana. Hii haikufa, mwanangu, hii yalia."

"Yalia nini, babu?" kijana akauliza.

"Ndiyo tutafute."

Walianza na umeme. RX-8 ina plagi nne, mbili kwa kila rota, na kila plagi ina koili yake. Koili mbili kati ya nne zilikuwa zatoa cheche nyekundu, nyonge. Basi hapo ndipo kisa kizima kilipofunguka. Cheche ikiwa nyonge, petroli haiungui yote. Isiyoungua huenda na moshi, ikaungulia ndani ya kichujio kilichomo katika egzosi. Kichujio kikapata joto kupita kiasi, kikayeyuka, kikaziba. Moshi ukakosa pa kutokea, nguvu ikaisha, na joto likarudi nyuma kwenye injini. Egzosi ilipofunguliwa, kichujio kilikuwa kama mzinga wa nyuki uliomiminiwa lami. Ugonjwa ulianza kwenye koili na ukaonekana kwenye sakafu ya gari, na gereji ya kwanza ikalaumu sili zilizokuwa katikati.

Jambo la kuwaka lilikuwa na sababu ya pili. Injini ya rota hutaka stata iizungushe kwa kasi, takriban mizunguko 250 kwa dakika, la sivyo haigandamizi vya kutosha, hasa ikiwa moto. Stata ya gari hili ilikuwa imechoka. Wakatia stata yenye nguvu zaidi, ya RX-8 za miaka ya mwisho, koili nne mpya, na plagi nne, mbili za mbele na mbili za kufuatia, ambazo hazifanani wala hazibadilishani mahali.

Gari likawaka. Injini ilipokuwa moto mzee akaazima kipimo maalumu cha rota, maana kipimo cha kawaida huonyesha pumzi iliyo kubwa tu na kuficha mbili zilizobaki. Kiwanda chasema mgandamizo usipungue takriban kilo 7 kwa sentimita ya mraba. Vyumba sita vya gari hili vilitoa kati ya 7.0 na 7.4. Uzee, naam, lakini si mauti. Mzee akaandika tarakimu zote sita katika daftari la shule, akatia tarehe.

Bado nguvu ilikuwa haipandi vizuri baada ya mizunguko 4,000. Kijana alikata tamaa, akataka kuagiza kompyuta mpya ya injini. Mzee alimzuia, akafungua njia za hewa. Ndani mna mlango mdogo ambao hufunguka mizunguko ikikaribia 3,750, ili injini ivute hewa zaidi. Ulikuwa umegandishwa na masizi. Ukasafishwa kwa brashi na dawa ya bei ndogo, ukalegea, na injini ikaimba hadi juu. Gharama ya koili, plagi, stata, betri na masizi haikufika nusu ya bei ya ile injini ya pistoni.

Mzee alitueleza jambo jingine linalofaa kujulikana na kila mwenye RX-8. Gari hili likiwashwa baridi, likasogezwa hatua kumi, kisha likazimwa, petroli hubaki ndani ikaosha oili kwenye sili, na mara ya pili halitawaka. Na magari yanayokaa katika yadi husogezwa vipi? Hatua kumi hivi, likazimwa. Mwenyewe akija asubuhi huambiwa injini imekufa. Dawa yake ni kukanyaga mafuta hadi chini huku stata ikizungushwa, ili kompyuta ikate petroli na injini ijikaushe. Na kinga yake ni ndogo zaidi: ukiliwasha, liache lipate moto ndipo ulizime.

UWANJANI

Kulitayarisha kwa vumbi kulichukua miezi sita ya jioni na Jumapili. Viti vya nyuma vilitolewa, kizimba cha mabomba ya chuma kikachomelewa ndani, betri ikafungwa isicheze, mikanda ikabadilishwa. Gari likainuliwa kidogo, bamba la chuma likawekwa chini, na wavu mbele ya vipoza oili, ambavyo vimekaa chini mno na jiwe moja laweza kuvitoboa. Kichujio cha hewa kilipewa heshima kuliko vyote, kwa kuwa mchanga ukiingia ndani huzila zile sili kama msasa. Na petroli ilichanganywa na oili ya injini ndogo inayoungua bila ya kuacha majivu mengi, mililita 5 kwa kila lita. Mzee hakuona ugeni wowote katika hilo. Mashine za boti alizozitengeneza miaka arobaini zilikuwa zanywa mchanganyiko kama huo, ila mzito zaidi.

Siku ya mashindano kijana aliitembea njia kwa miguu mara tatu, akiitamka kona kwa kona hadi ikakaa kichwani. Mzunguko wa kwanza ulikwenda vyema. Wa pili, katika kona ndefu, injini ikakohoa, ikapoteza nguvu, ikarudi. Kijana alishuka na uso wa msiba.

"Sili, babu. Zimekwenda."

"Petroli iko kiasi gani?" mzee akamuuliza.

Ilikuwa robo tangi. Tangi la gari hili limegawanyika mabonde mawili, na kona ikiwa ndefu petroli hutupwa upande, pampu ikavuta hewa. Wakaongeza hadi kupita nusu. Mzunguko wa tatu na wa nne injini haikukohoa tena, na baada ya kila mmoja iliwaka ikiwa moto kwa jaribio moja. Kijana alikuwa wa tano kati ya tisa katika kundi lake. Hakupewa kikombe. Lakini nilimwona mzee akitoa lile daftari, akiandika: kona ndefu, robo tangi, kikohozi, si sili.

Niliomba ruhusa ya kulisoma. Humo mna kila alama aliyoiona, kila alichodhania, na kile kilichokuwa kweli. Hadi leo ni daftari moja, na liko katika sanduku moja la spana huko Kisauni. Nchini wako vijana wenye magari haya ambao hawana wa kumwuliza, nao huambiwa na kila gereji neno lile lile. Nilimwambia mzee anipe ruhusa nilinakili. Alicheka akasema, "Nakili, lakini umwandikie na beti moja mbele, asiyelisoma lote asome hiyo." Basi nimeandika:

Usiseme imekufa, hujasikia kilio,
Chombo hakikosi sifa, weka karibu sikio,
Huenda ni taarifa, ya kuomba kimbilio,
Mkata shauri mbio, hulipa mara ya pili.

Haina maana kwamba injini hii itadumu milele. Zile 7.0 na 7.4 zitashuka, na ikifika siku yake itabidi ifunguliwe na kutiwa sili mpya, jambo ambalo si rahisi wala si la bei ya chini. Arusi imepangwa kufanywa mwezi wa mfunguo pili, inshallah, na dada yangu amemsharutisha kijana asinunue tena kitu cha chuma kabla ya hapo. Amekubali. Kila Jumapili asubuhi huenda Kisauni kumsaidia mzee kazi za wateja wengine bila ya malipo, na juzi nilimkuta ameinama juu ya tundu la plagi ya gari la mtu mwingine, macho ameyafumba, anahesabu.